Koti la Ulaya, upepo wa Dodoma

Shoga, nguo zinazoonyeshwa Paris na Milan kila Februari na Machi kwa ajili ya majira yao ya majani kupukutika, sisi wa Dodoma tunazivaa Juni hadi Agosti, upepo wa hapa unapochoma masikio. Koti refu la mkanda na ile rangi ya damu ya mzee iliyotamba 2024, vyote vipo mitumbani. Kanunue Novemba, wakati wa joto: hakuna anayeyataka makoti na muuzaji mwenyewe anakuita. Geuza ndani utazame bitana. Kwapani ndiko huanza kuachia. Mabega yakipwaya liache, fundi atakutoza kuliko bei ya koti. Swedi, ile ngozi yenye vinyweleo laini? Nzuri, ila vumbi letu linaipenda mno. Isugue kwa brashi kavu, usiiloweke kamwe. Rangi ya krimu sahau.

Ukienda kutazama michoro ya miambani Kolo, kule Kondoa (Urithi wa Dunia tangu 2006), koti liache kwenye gari. Kuna kupanda mlima, na miiba haijui mitindo. Raba na mtandio vinatosha. Koti litunzie jioni ya ngoma ya muheme, akina mama wa Kigogo wanapozibana ngoma mapajani.