Viwavi kwenye mdimu: wawahi wangali wadogo

Mche wa ndimu uwani unaweza kubaki vijiti vitupu ndani ya siku chache, na mwenye nyumba akamshuku mbuzi wa jirani. Ukikuta majani machanga yameliwa kuanzia pembeni hadi kwenye uti wa katikati, mtafute kwanza kiwavi wa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano. Hapa Tanga nawaona zaidi mvua za masika na za vuli zinapochipuza miti, kwa sababu kipepeo huyo hupenda kutaga kwenye majani mapya.

Kagua asubuhi, jua halijawa kali. Geuza majani ya nchani moja moja. Yai ni punje ya mviringo, ya njano iliyofifia, ndogo kuliko kichwa cha kiberiti, nalo hukaa peke yake. Lipondeponde kwa kidole. Kiwavi mchanga ana rangi ya kahawia na baka jeupe, utadhani kinyesi cha ndege kimedondokea jani, na ndiyo maana wengi humpita. Kila unapoona "kinyesi" juu ya jani la mdimu, kiguse kwa kijiti. Akishakua hugeuka kijani, mnene, akafika sentimita 4 au zaidi, na hapo ndipo anapofyeka majani kweli kweli. Ukimgusa hutoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini za rangi ya chungwa, zenye harufu kali. Wajukuu wangu hupiga kelele, lakini huyu hawashi. Wa kumwogopa ni mwenye manyoya. Usimshike kwa mkono mtupu.

Mti mmoja au miwili haina haja ya dawa. Waokote, watumbukize kwenye kopo la maji ya sabuni, urudie kila baada ya siku mbili tatu mpaka majani yakomae. Mti mkubwa wenye majani tele utastahimili. Nguvu zako zipeleke kwenye miche.

Wakizidi, tumia mwarobaini. Chukua gramu 50 za mbegu kavu kwa kila lita 1 ya maji, zitwange, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, kisha tia sabuni kidogo ili dawa ishike. Nyunyiza jioni, juu na chini ya majani, maana jua huivunja nguvu. Usitegemee kuwaona wakianguka papo hapo: huacha kula, hudumaa, ndipo hufa. Kwenye duka la pembejeo waweza pia kuulizia dawa ya bakteria ya Bacillus thuringiensis, ambayo huwafaa hasa wadogo.

Ile michoro ya fedha inayojipinda ndani ya jani ni kazi ya kiwavi mwingine, mdogo mno, anayeishi chini ya ngozi ya jani. Huyo haokoteki. Usikatekate matawi kwa ajili yake. Majani yakikomaa hayasumbui tena.

Dawa kali za shambani siziruhusu uwani kwangu. Ndimu tunaichuma na kuikamulia kwenye mchuzi wa samaki saa hiyo hiyo, tena dawa hizo huua nyuki na majimoto. Majimoto, wale sisimizi wanaoshona majani kuwa viota, ni wawindaji hodari wa viwavi. Waachie viota vyao, na siku ya kuchuma jipake jivu mikononi, uanzie upande wasiokaa.