Sherehe ya Siku ya Kuzaliwa ya Mtoto kwa Shilingi 150,000: Mwongozo kwa Mzazi wa Kampala

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikioka keki na kusimamia sherehe za watoto katika mitaa ya Kampala, na karibu kila mzazi anayenijia huanza kwa kuuliza habari za mapambo. Mimi humwomba tuanze na idadi ya watoto na saa watakazokaa, kwa sababu mambo hayo mawili ndiyo yanayokula fedha. Mwongozo huu umepimwa kwa watoto 20 walioalikwa, uwanja wa nyumbani, na jiko la makaa. Umeme ukiwapo utasaidia, lakini hauhitajiki.

Hatua ya kwanza: chagua siku na saa

Mtoto aliye chini ya miaka sita hatambui kwamba sherehe imesogezwa wiki mbili mbele, kwa hiyo mtoto aliyezaliwa siku ambazo karo ya muhula inadaiwa anaweza kusubiri hadi mzazi apumue. Jumapili alasiri huwafaa wengi: waumini wa Kanisa wamekwisha kurudi nyumbani, na Waadventista, ambao Jumamosi ni Sabato yao, nao wanaweza kuja. Anza saa nane mchana na umalize saa kumi na moja. Watoto watakuwa wamekula chakula cha mchana kwao, wewe utadaiwa sahani ndogo tu, na kila mmoja atafika nyumbani kabla ya jua kuzama, ambalo huku kwetu karibu na ikweta huzama yapata saa moja jioni mwaka mzima. Katika ujumbe wa mwaliko andika saa ya kuanza na saa ya kuja kumchukua mtoto. Ikiwa ni kati ya Machi na Mei, au Septemba na Novemba, omba mapema baraza ya jirani au azima turubai, kwani mvua ya alasiri haitangulizi habari.

Hatua ya pili: hesabu hata watoto ambao hukuwaalika

Ukialika 20, pika kwa ajili ya 25. Mdogo wake mgeni ataletwa, na watoto wa mtaani watasimama langoni wakisikiliza. Nimeona mzazi akifunga lango ili chakula kitoshe, na nimeona mwenye sherehe, mtoto wa miaka saba, akikataa kucheza kwa sababu rafiki zake wa kila siku walikuwa upande wa pili wa lango hilo. Sahani tano za ziada ni gharama ndogo sana kulinganisha na huzuni ile.

Hatua ya tatu: gawa fedha kabla ya kwenda sokoni

Mimi hugawa hivi: shilingi 75,000 za chakula, vinywaji na makaa, 30,000 za keki, 20,000 za zawadi za wageni, 10,000 za mapambo na michezo, na 15,000 za usafiri na dharura. Weka kila fungu katika bahasha yake. Penseli, daftari ndogo na maputo vinunue kwa dazeni kule Kikuubo, ambako wenye maduka ya mitaani nao huchukulia bidhaa zao. Matunda na ndizi vifuate soko la Kalerwe asubuhi mapema. Penseli na daftari vinadumu kuliko mfuko wa peremende, na sijaona mzazi aliyelalamika kuvipokea.

Hatua ya nne: oka keki mwenyewe juu ya sigiri

Hapa ndipo akiba kubwa ilipo, na hapa ndipo wazazi wengi huogopa bila sababu. Chukua unga wa ngano gramu 500, majarini gramu 250, sukari gramu 300, mayai matano, maziwa kikombe kimoja, vijiko vidogo vinne vya baking poda, na maganda ya limau yaliyokwaruzwa. Piga majarini na sukari kwa mwiko hadi mchanganyiko uwe mweupe na mwepesi, kisha tia yai moja moja huku ukiendelea kupiga. Ukiyatia yote kwa pamoja mchanganyiko utakatika. Changanya unga na baking poda, uchekeche, halafu uutie kwa zamu na maziwa, safari hii ukikoroga taratibu.

Tandaza mchanga safi na mkavu, unene wa vidole viwili, ndani ya sufuria kubwa, uifunike, na uipashe moto kwa dakika 15. Paka mafuta chombo cha kuokea, weka karatasi chini yake, mimina rojo hadi kifike nusu tu, kisha kiweke juu ya mchanga. Punguza makaa ya chini, funika kwa sinia bapa, na uweke makaa machache yanayowaka juu ya sinia hilo, kwa kuwa joto la juu ndilo linaloipa keki rangi. Usifunue kabla ya dakika 30, maana keki itadidimia katikati. Baada ya dakika 45 hadi 60 choma katikati kwa kijiti. Kikitoka kikavu, imeiva. Kazi yote hii ifanyike nje au barazani, kamwe isiwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu moshi wa makaa usioonekana unaua.

Oka Jumamosi, na upambe Jumapili asubuhi keki ikiwa imepoa kabisa. Krimu ya siagi huyeyuka katika joto la alasiri. Mimi hutumia sukari laini ya unga gramu 250 iliyokorogwa na maji ya limau vijiko vikubwa vitatu, ambayo hukauka na kung'aa. Utapata vipande 25 vya kutosha.

Hatua ya tano: chakula kidogo, kitamu, kinacholiwa kwa mkono

Pilau ya kilo mbili za mchele na kilo moja na nusu ya nyama iliyokatwa vipande vidogo inawatosha watoto 25 kwa sahani ndogo. Nunua nyama kwa mchinjaji wa halali ili asiwepo mtoto atakayekaa pembeni wenzake wakila. Ipike iive karibu na saa ya kula, kwa sababu chakula kilichokaa zaidi ya saa mbili katika joto letu si salama tena. Ongeza kabalagala, yaani vikeki vidogo vya ndizi vya kukaanga, zinazotaka ndizi ndogo zilizoiva sana na unga wa muhogo, na bisi: nusu kilo ya mahindi ya bisi hujaza beseni kubwa. Badala ya soda, kamua kilo mbili za pasheni, chuja, utie maji yaliyochemshwa yakapoa hadi upate lita saba, kisha uonje sukari. Watoto walio chini ya miaka minne wasipewe karanga nzima, na kipande cha puto lililopasuka kiokotwe papo hapo. Vyote viwili hukaba koo.

Hatua ya sita: panga michezo kwa saa

Kwa mwanangu wa kwanza nilikodi kasri la kuruka la kujazwa upepo, nikalilipia fedha nyingi kuliko chakula chote. Umeme ulikatika baada ya nusu saa, kasri likalala chini, nami sikuwa na mchezo mwingine. Tangu siku hiyo huandika ratiba. Wageni wanapofika, wape kamba ya kuruka, ambayo haimhitaji mtu kusubiri wengine. Saa nane na nusu anzisha kwepena kwa mpira wa soksi kuukuu au nyuzi kavu za mgomba: warushaji wawili wanasimama huku na huku, wengine wanakwepa katikati, na anayepigwa anatoka. Walio chini ya miaka mitano wape uwanja wao, kwani mrushaji wa miaka kumi hapimi nguvu zake.

Saa tisa fuata mbio za magunia, halafu ndimu juu ya kijiko. Saa tisa na nusu wakalishe wale. Baada ya kula wasikimbie. Mpe mtu mzima mwenye mkono mzuri ngoma, tandika vipande vya mkeka, na ngoma ikinyamaza kila mtoto akae juu ya kipande, huku ukipunguza kimoja kila duru. Zawadi ya mshindi iwe kuchagua wimbo unaofuata, ili anayeshindwa asione amekosa kitu.

Mapambo yasikuchukue muda: maputo 20, kitambaa kimoja cha kitenge mezani, na jina la mtoto lililoandikwa na ndugu zake kwenye karatasi.

Keki ikatwe saa kumi na nusu, si mapema. Ikikatwa mwanzoni, wazazi huanza kuwachukua watoto kabla michezo haijaisha. Mwenye sherehe ndiye amkabidhi kila mgeni penseli na daftari langoni, akimtaja kwa jina. Vipande vya keki vilivyobaki vifunge kwa karatasi, uvipeleke jioni hiyo hiyo kwa watoto wa jirani waliokuwa wagonjwa au waliozuiwa kuja.