Mazoezi ya kusaidiwa kwa mzee mwenye kisukari na ulemavu: mkono wako uishie wapi

Msuli unaojikaza huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inapofanya kazi kivivu. Wasaidizi wengi hulisahau hilo: mzee analala ametulia, wao wanamkunja na kumnyoosha miguu. Kunyooshwa hivyo huzuia viungo visikakamae, na ni jambo jema, ila msuli uliolegea hautumii sukari ya maana. Ili sukari ishuke, mzee aanze mwenyewe, nawe ujazie pale nguvu zake zinapoishia.

Weka kiganja juu ya paja lake, mwambie ainue mguu, subiri kama sekunde mbili mpaka uuhisi msuli ukikaza, ndipo usaidie. Wakati wa kushusha, punguza msaada. Kushusha polepole nako ni kazi, na wengi walioshindwa kuinua mguu huweza kuushusha. Ukiona mguu umekuwa mwepesi mkononi mwako, legeza zaidi.

Wakati mzuri ni nusu saa hadi saa moja baada ya kula, sukari inapopanda. Dakika 10 baada ya kila mlo zinamfaa mzee dhaifu kuliko nusu saa ya mfululizo. Zisipite siku mbili bila zoezi, kwa kuwa faida yake hufifia ndani ya saa 24 hadi 48.

Pima sukari kabla ya zoezi. Kama anatumia insulini, au vidonge vya kisukari vya glibenklamidi, gliklazidi au glimepiridi na kipimo kiko chini ya 5 mmol/L (90 mg/dL), ale kwanza gramu 15 hadi 20 za wanga. Anayetumia metformini peke yake ni nadra sukari yake kushuka mno. Ikiwa juu ya 14 mmol/L (250 mg/dL) na anaumwa, anatapika au mkojo una ketoni (kemikali zinazotokea mwili unapochoma mafuta kwa kukosa insulini), msianze. Apelekwe kwa daktari. Insulini ya mlo huo isidungwe kwenye paja litakalofanya kazi, maana hufyonzwa haraka na sukari huporomoka.

Kagua nyayo kabla na baada. Mguu wenye ganzi hauwezi kukwambia kwamba mkanda wa pedeli (kifaa cha kuzungusha kama cha baiskeli) umechubua.

Anzeni na visigino: amekaa, magoti yamekunjwa, ananyanyua visigino huku vidole vikibaki chini, mara 20, kwa mizunguko 3. Aliye dhaifu, saidia kwa mkono chini ya kisigino. Aliyepata nguvu, kandamiza goti lake kidogo. Kisha anyooshe goti moja moja, mara 8 hadi 10. Ahesabu kwa sauti, kwani anayehesabu hawezi kubana pumzi, na kubana pumzi hupandisha shinikizo la damu, jambo la hatari kwa aliyeharibika mishipa ya macho kwa kisukari. Aweze kuongea sentensi nzima. Akiwa anakatika maneno, mmezidisha.

Zoezi lenye faida kubwa ni kusimama na kukaa, kwa sababu mapaja na makalio ndiyo misuli mikubwa kuliko yote. Tumia kiti imara chenye mikono, urefu wa sentimita 45 hadi 50. Kiti kifupi kinaongezewa blanketi lililokunjwa likawa gumu. Kama anaanzia kwenye kiti cha magurudumu, funga breki na uondoe vibao vya miguu kwanza. Asogee ukingoni, nyayo zirudi nyuma kidogo ya magoti, ainame mbele mpaka pua ifike juu ya vidole, ndipo asukume. Mara nyingi anayeanguka nyuma hajakosa nguvu, hajainama tu vya kutosha. Wewe simama upande dhaifu, goti lako likingie lake lisikunjike, mkono ushike mkanda wa kiunoni. Mara 5, dakika 2 za kupumzika, mara 5 tena. Asiyeweza kusimama asukume mikono ya kiti na kuinua makalio sentimita chache. Hilo nalo linahesabika.

Kamwe usimvute kwa kwapa au mkono. Bega lililopooza kwa kiharusi limelegea, na mvuto mmoja unaweza kulitegua na kumwachia maumivu ya miezi. Ukiuinua mkono huo, shikilia kiwiko na kifundo, kidole gumba kielekee juu, na usipite usawa wa bega.

Asiye na matumizi ya miguu atatumia mikono kuzungusha pedeli zilizowekwa mezani. Misuli ni midogo, kwa hiyo huchoka mapema: dakika 2 za kazi, moja ya kupumzika. Aliyeumia uti wa mgongo shingoni au juu kifuani akipata ghafla maumivu ya kichwa yanayogonga na jasho usoni, acheni, mkalishe wima, legeza nguo, angalia kama mpira wa mkojo umekunjika. Hali isipotulia upesi, ni dharura.

Dalili za sukari kushuka ni jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa. Anayetumia propranolo au atenololo, dawa za moyo na shinikizo la damu, huenda asitetemeke wala moyo usimwende mbio, lakini jasho hubaki, basi mguse paji la uso. Chini ya 4 mmol/L, mpe gramu 15 za sukari, yaani vijiko vya chai 4 kwenye maji, na upime tena baada ya dakika 15. Kama kiharusi kimeathiri kumeza, maji mepesi humpalia. Andaa mapema kinywaji cha sukari, kizito kama alivyoelekezwa. Aliyezimia hapewi kitu mdomoni. Mlaze ubavu na uite msaada.

Sukari inaweza kushuka hata saa kadhaa baadaye, usiku akiwa amelala, kwa hiyo siku zoezi lilipozidi kawaida pima kabla ya kulala. Andika vipimo vya kabla na baada. Vikionyesha kushuka mara kwa mara, mpelekee daktari daftari hilo apunguze dozi, wala msikimbilie kuacha zoezi.