Likizo kwa bibi Ukerewe: tujipange kabla, tukiwa huko na tukisharudi

Kila Desemba tunapanda meli Mwanza, na baada ya saa tatu hivi tunashuka Nansio, kisiwani Ukerewe ndani ya Ziwa Victoria, kwa bibi. Safari yenyewe fupi. Kinachotuangusha ni yale tunayoyaacha nyumbani: saa ya kulala, dawa, chandarua. Halafu kuna ziwa. Watoto wakishaliona, masikio yanaziba.

Hatua ya 1: wiki moja kabla
Hesabu dawa za kila siku za mwenye presha, kisukari au pumu, kisha ongeza za wiki nzima. Ziwa likichafuka chombo hakiondoki. Zikae kwenye mkoba wa begani. Mwaka juzi vidonge vya presha vya mama vilibaki juu ya friji, tukavikumbuka tukiwa katikati ya maji. Chandarua chenye dawa beba chako, maana wageni mkiwa kumi na wawili hakuna mwenyeji mwenye vya kuwatosha.

Hatua ya 2: njiani
Kula kidogo, usipande na njaa wala na shibe ya pilau. Anayetapika akae katikati ya meli, atazame mbali. Boya la mtoto liwe la saizi yake. Uliza kabla ya kuondoka.

Hatua ya 3: mkiwa huko
Hapa ndipo penye kazi. Usiwaache waoge ziwani: vijidudu vya kichocho, ambavyo mwilini hukua kuwa minyoo, hutoka kwa konokono wa maji yaliyotulia, hasa penye majani, na hupenya ngozi nzima isiyo na kidonda ndani ya dakika chache. Maji kuwa meupe hakusaidii kitu. Kujifuta haraka kwa taulo nako usikutegemee. Sisi tunachota, tunachuja kwa kitambaa, tunaacha kwenye pipa lenye mfuniko siku mbili ndipo tunaogea: vijidudu hivyo bila mwili wa kuingia hufa. Ya kunywa tunachemsha.

Chakula hakina shida, ugali wa muhogo na sato ni mlo kamili ukiongeza mboga. Shida ni soda. Kila mji mnaoingia kusalimia inafunguliwa, na binti yangu siku moja alimaliza nne kabla ya adhuhuri. Sasa nawahi: "Shikamoo mama, mtoto kashakunywa njiani, tukipata maji ya kuchemsha tu tunashukuru." Hakuna aliyenuna bado.

Na akina mama, gawaneni zamu za jiko. Kuhamishia masufuria ukweni si likizo.

Hatua ya 4: mkirudi
Rudini siku mbili kabla ya shule kufunguliwa, watoto warudie saa zao za kulala. Homa yoyote, kapime malaria siku hiyohiyo. Mimi niliwahi kusema "ni uchovu wa safari" hadi siku ya tatu, kumbe mtoto ana malaria. Dalili huanza siku 7 au zaidi baada ya kuumwa na mbu, kwa hiyo humkuta mtu kesharudi nyumbani.

Maswali ya wanachama

*Dada, wanangu wameoga ziwani Jumapili iliyopita. Niwape dawa ya kichocho leo?*
Subiri, mdogo wangu. Prazikwanteli, ndiyo dawa yenyewe, inaua minyoo iliyokomaa, michanga inaponyoka. Hesabu wiki 6 hadi 8 kisha wapimwe choo kikubwa. Dawa hutolewa kwa uzito wa mtoto. Ila homa, vipele au kikohozi vikija mapema, nenda hospitali na useme wazi kwamba walioga ziwani.

*Mtoto akiharisha kisiwani na sina pakiti za chumvichumvi?*
Maji ya kuchemsha yaliyopoa lita 1, sukari vijiko vya chai 6, chumvi nusu kijiko cha chai, vyote vya kusawazisha. Ukizidisha chumvi unamdhuru. Anywe kidogokidogo, na anayenyonya aendelee kunyonya. Ukiona damu chooni, macho yamezama au hanywi kabisa, mpeleke kituo cha afya mara moja.

*Shikamoo dada. Baba anachoma insulini, kijijini hakuna friji.*
Marahaba. Ifunge kwenye mfuko usiopitisha maji, uiweke ndani ya chungu cha udongo chenye maji kidogo, kivulini. Usiilaze juu ya barafu ya wauza samaki. Ikiganda, itupe hata kama imeyeyuka tena.