Namna ya Kumwomboleza Brian Wilson kwa Kumsikiliza

Brian Wilson, mtunzi mkuu wa Beach Boys, kundi la muziki la Marekani, alifariki dunia mwezi Juni 2025 akiwa na umri wa miaka 82, na familia yake ikatangaza msiba huo tarehe 11. Wengi wetu tulioupenda muziki wake hatukuwa na mahali pa kupeleka pole, kwa kuwa hatukumfahamu ana kwa ana, hatukuwa na jeneza la kusindikiza wala wafiwa wa kukaa nao matanga. Mwongozo huu unaeleza namna mashabiki wachache wanavyoweza kukusanyika jioni moja na kumwomboleza kwa kuisikiliza kazi yake kwa makini.

Alizaliwa tarehe 20 Juni 1942, kwa hiyo kati ya siku ya tangazo la kifo na siku ya kuzaliwa kuna siku tisa tu. Chagueni jioni mojawapo katika siku hizo kila mwaka. Waalikwa wasizidi kumi, maana wakizidi hapo mazungumzo hugawanyika vikundi vikundi na utulivu hupotea.

Kazi ya kusikiliza ni albamu ya Pet Sounds ya mwaka 1966, ambayo haifiki dakika 40. Tafuteni toleo la mono. Wilson alikuwa karibu kiziwi wa sikio la kulia, na albamu hiyo aliichanganya kwa mono, ambapo ala na waimbaji wote hutoka kwa pamoja katika mkondo mmoja, bila kugawanywa kushoto na kulia. Toleo la stirio lililotoka baadaye, katika miaka ya 1990, lina uzuri wake, lakini katika maombolezo nashikilia kwamba tusikie alichokisikia yeye. Spika moja nzuri inatosha. Iwekeni juu ya meza mbele ya watu, na simu zizimwe kabla ya wimbo wa kwanza.

Mwenyeji aeleze kwa ufupi albamu ilivyozaliwa. Mnamo Desemba 1964 Wilson alishikwa na hofu kali ndani ya ndege iliyokuwa ikielekea Houston, na muda si mrefu akaacha kusafiri na kundi. Nduguze Carl na Dennis, binamu yao Mike Love na rafiki yao Al Jardine waliendelea na maonyesho, naye akabaki katika studio za Los Angeles akiwaelekeza wapigaji wa kukodiwa, miongoni mwao mpiga ngoma Hal Blaine na mpiga besi Carol Kaye. Anayelijua hilo huusikia upweke uliomo katika nyimbo zile hata pale mdundo unapochangamka.

Upande wa kwanza usikilizwe wote bila neno. Upande wa pili unafunguliwa na God Only Knows, ulioongozwa na sauti ya Carl, na hapo ndipo pa kukaa kwa muda mrefu. Mwishoni waimbaji wanapokezana mstari uleule, mmoja akiingia kabla mwenzake hajamaliza, mpaka wimbo unafifia bila kutua popote. Rudieni sehemu hiyo mara tatu: kwanza mkifuata sauti ya juu peke yake, kisha ya chini, na mara ya tatu jigaweni vikundi vitatu mwimbe pamoja nayo. Waliopitia kwaya watapokea haraka na kuwashika mkono wengine. Tulipofanya hivyo sebuleni kwangu, mwenzetu aliyeshika sauti ya chini alikatika kwa machozi katikati ya mstari, tukamshikia sauti yake hadi aliporudi.

Baada ya hapo simamisheni muziki, kila mmoja azungumze. Habari ya ugonjwa wake wa akili itajitokeza, na isikwepwe, lakini izungumzwe kama tunavyozungumzia ugonjwa wa mtu wa nyumbani kwetu: asiitwe kichaa, wala maradhi yake yasisifiwe kana kwamba ndiyo yaliyotunga nyimbo. Nyimbo zilitungwa na mtu aliyefanya kazi licha ya mateso. Albamu ya Smile aliiacha mwaka 1967 ikiwa haijakamilika, na ilipofika Februari 2004 akaisimamisha jukwaani London ikiwa nzima, akiwa na umri wa miaka 61. Wakumbukwe pia nduguze waliomtangulia, yaani Dennis aliyezama majini mwaka 1983 na Carl aliyefariki kwa saratani mwaka 1998.

Msomaji aliyeko California anaweza kupeleka maua Hawthorne, mahali ilipokuwa nyumba ya wazazi wao. Nyumba yenyewe ilibomolewa kupisha barabara kuu, na sasa pamesimama mnara wa matofali uliozinduliwa mwaka 2005.

Mkishazungumza, acheni upande wa pili uendelee hadi wimbo wa mwisho, Caroline, No. Ala zikinyamaza, mtasikia garimoshi likipita na mbwa wawili wakibweka, nao ni Banana na Louie, mbwa wa Wilson mwenyewe. Mtu asiinuke, na mwenye kifaa asikizime, mpaka wale mbwa wanyamaze.