Namna ya Kuchora Hadharani Mjini Iringa

Mtu anayesimama kumtazama mchoraji uwanjani anataka kuona picha ikiota kutoka kwenye kitambaa kitupu, kwa hiyo maandalizi yako yote yamwezeshe kuifuata kazi tangu mstari wa kwanza.

Omba ruhusa mapema na kwa maandishi: manispaa kwa bustani na kando ya barabara, uongozi wa makumbusho ukitaka viwanja vya jengo lao la Boma. Chagua siku kati ya Juni na Septemba, mvua zikiwa zimekoma, ila usianze alfajiri, kwa kuwa rangi za akriliki, zile zinazochanganywa na maji, hazishikani vizuri joto likishuka chini ya nyuzi 10 hivi. Saa nne asubuhi inafaa.

Upepo ndio utakaokusumbua zaidi. Ning'iniza mfuko wa mawe chini ya stendi inayoshika picha, na uwe na chupa ya kupulizia maji, kwani hewa kavu ya nyanda za juu hukausha rangi kwenye kibao cha kuchanganyia kabla hujaichanganya. Rangi ya mafuta ya kupakia milango na baiskeli, ambayo Edward Saidi Tingatinga aliitumia alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, ina mng'ao ninaoupenda sana, lakini hubaki mbichi kwa saa nyingi na vumbi lote la mchana litaganda humo. Iache kwa kazi za ndani. Kwa kivuli tumia shuka jeupe. Turubai la buluu, tulilozoea kulifunga kila mahali, hutia ubuluu katika kila kitu kilicho chini yake, nawe utagundua baadaye kwamba umekosea rangi zote.

Tumia kitambaa chenye upana usiopungua mita moja. Ukichora kwa mkono wa kulia, watazamaji wakae nyuma yako upande wa kushoto, ili mkono usiwazibie. Kama unachora jiwe la Gangilonga, weka kwanza mabonge makubwa ya rangi ya mwamba na anga, yanayoonekana kwa mbali, na nyufa zifuate baadaye. Mzee akikuamkia "Kamwene", weka brashi chini umwitikie. Huenda akakueleza kwa nini Wahehe huliita jiwe linalosema, na wengine watasogea kusikiliza.

Ukimaliza, iache picha kwenye stendi hadi jioni pamoja na michoro yake ya penseli, ili waliopita asubuhi wakienda sokoni waikute wakirudi nyumbani.