Kumnyonyesha mtoto wa kulea
Shoga yangu wa Ngamiani unayelea kichanga ambaye hukumzaa: maziwa yanaweza kutoka hata kama hujawahi kubeba mimba. Pima VVU kwanza. Kisha mweke titini mara 8 hadi 12 kwa siku, na usiku usimruke. Ili asisuse ziwa kavu, bandika kwa plasta mrija mwembamba wa kulishia, ncha ifike kwenye chuchu, ncha ya pili izame kwenye kikombe cha maziwa ya kopo ya watoto wachanga. Akivuta, anapata, akipaliwa, shusha kikombe. Mrija uoshe kila mara. Ya kopo usiyapunguze kwa pupa, angalia mkojo: nepi 6 au zaidi kwa siku. Na kwa Waislamu wenzangu, akishiba maziwa yako mara 5 kabla ya miaka 2, huyo ni mwanao wa kunyonya.